Nati Iliyoacha Ufunguo Ng'ambo: Kisekka na Katwe, Kampala

Chini ya kilima cha Old Kampala, mahali alipopiga kambi Kapteni Lugard mwezi wa Desemba mwaka 1890, na ambapo leo umesimama Msikiti wa Taifa wa Uganda uliofunguliwa rasmi mwaka 2008, ardhi inateremka kwenda bonde la Nakivubo. Mfereji wa bonde hilo hupokea maji ya mvua ya mji na kuyapeleka Ziwa Victoria. Katika mteremko huo limo soko la Kisekka, lililochukua jina la Dakta Samson Kisekka, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uganda tangu mwaka 1986 hadi 1991 na baadaye Makamu wa Rais. Mgeni anayelitafuta hana haja ya kuuliza sana. Harufu ya oili chakavu humpokea kabla hajaona kibanda hata kimoja, na mlio wa nyundo humwonyesha njia iliyobaki.

Hapa ndipo Uganda inapokuja kutafuta vipuri. Injini nzima nzima zimekaa juu ya magogo kama mbuzi waliofungwa mnadani. Milango ya magari imeegemezwa ukutani, taa za mbele zimepangwa safu kwa safu, na vijana hupita katikati ya watu wakiwa wamebeba giaboksi begani. Lugha ya soko ni Kiganda, na fundi huitwa makanika. Lakini askari akitokea, hata akiwa amevaa nguo za kiraia, atasikia mtu akimwita "afande", na Kiswahili kitafuata papo hapo. Kiswahili kimekaa katika kambi za Uganda tangu siku za KAR, na tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005 kimetambuliwa kuwa lugha rasmi ya pili. Katika soko hili hakikungoja Katiba.

Katika kazi zote zifanywazo hapa iko moja ambayo huonekana ndogo mno, wala haimo katika mbao za matangazo, ila imewalaza njiani watu wengi: kufungua nati ya kufuli iliyoharibika.

Nati ya kufuli ni nati ya gurudumu kama zile nyingine, isipokuwa haina pembe 6 za kushikwa na spana. Umbo lake ni la mviringo, na usoni pake imechorwa mifereji, au imetobolewa vishimo, ambavyo hukubaliana na kifungulio chake tu. Kwa desturi kila gurudumu hupewa moja, hata gari zima likawa na nati 4 za namna hiyo na kifungulio 1. Shabaha yake ni njema. Rimu za alumini zina bei kubwa, nao wezi wa magurudumu hawana shida ya kupata spana ya kawaida. Basi mwenye gari hufunga nati moja ambayo spana ya kawaida haiiwezi.

Shida huanza pale kufuli na ufunguo vinapotengana. Magari mengi ya watu binafsi katika Uganda yametumika kwanza Japani. Gari hununuliwa huko, hupakiwa melini, hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, kisha huja kwa barabara. Kutoka Mombasa hadi Kampala kupitia Malaba ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,100. Tangu mwaka 2018 sheria hairuhusu kwa kawaida kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini yaliyoingia kabla ya hapo yangali yakitembea, na umri wao unazidi kila mwaka. Katika mikono yote hiyo, ya mwenyewe wa kwanza, ya dalali, ya kuli wa bandari, ya dereva wa kulileta na ya muuzaji wa Kampala, kipande cha chuma kinachoenea kiganjani hupotea kwa urahisi kama shilingi katika mchanga. Mnunuzi hukagua injini, husikiliza giaboksi, huonja redio. Ni wachache mno wanaouliza habari za kifungulio cha nati.

Lakini mara nyingine kimo garini, naye mwenyewe hajui. Kitafutwe katika kisanduku cha mbele ya abiria, katika mfuko wa jeki, chini ya zulia la buti karibu na tairi la akiba, na katika mifuko ya milango. Wengine hukikuta ndani ya kibweta cha majivu ya sigara. Pamoja nacho huwapo pengine kadi ndogo yenye namba, na kwa namba hiyo mtengenezaji huweza kuuza kifungulio kingine. Utafutaji huu ni kazi ya robo saa nyumbani, siku ya Jumapili. Usiku, penye giza, habari ni nyingine.

Tuseme koplo mmoja amepewa likizo. Anatoka Kampala kwenda Masaka, mwendo wa kilomita 130 hivi, akiwa na mkewe na watoto watatu nyuma. Wamekwisha pita Kayabwe na jua limezama. Wakifika Lwera, ambako barabara imepita kati ya mafunjo karibu na ziwa, tairi la nyuma linaisha upepo. Malori yanapita kwa kasi hata gari dogo linatikisika. Jeki ipo, spana ipo, tairi la akiba limejaa. Nati 4 zinalegea bila taabu. Ya 5 ni ya mviringo, inang'aa kwa tochi, wala haina pa kushika. Hapo si habari ya rimu tena. Ni habari ya watoto kando ya barabara kuu usiku.

Jambo la kwanza mahali kama hapo ni kuwatoa watu garini, upande usiopita magari, na kuweka kibao cha pembetatu au matawi nyuma kwa umbali wa kutosha, ili dereva ajaye aone mapema. La pili ni kuzirudisha zile nati 4 na kuzikaza. La tatu halijulikani na wengi: tairi lisilo na mpira wa ndani, ikiwa limechomwa na msumari usoni na si ubavuni, huweza kuzibwa bila gurudumu kufunguliwa, kwa utepe wa mpira uliopakwa gundi na kusukumwa kwa sindano yake. Vifaa hivyo na pampu ndogo vinaenea katika mfuko mmoja. Anayesafiri na gari ambalo nati zake hajazijaribu, heri avichukue.

Asiyekuwa navyo hungoja msaada, na msaada wa usiku huja na nyundo na tindo. Nati hupigwa pembeni, tindo linateleza, mchoro wa usoni unafutika, na rimu inachanika. Asubuhi gari linapofika Kampala limepakiwa juu ya gari la kuvuta, kazi iliyokuwa ya dakika 10 imekwisha kuwa ya nusu siku.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba ni giza la Lwera tu linaloharibu nati. Nyingi huharibiwa mchana kweupe penye huduma za tairi. Mashine ya upepo hupiga kwa kishindo cha mfululizo. Kwa nati ya kawaida haina neno, lakini meno ya kifungulio ni membamba, nayo huvunjika au hula mifereji ya nati. Aidha mashine hiyo hukaza kupita kiasi, hata mkono wa mtu usiweze tena kulegeza. Nati ya kufuli yafaa ifunguliwe na kufungwa kwa mkono, na kifungulio kisukumwe hadi mwisho kabla ya kuzungushwa. Mwenye gari anayesimama karibu na kulisema hilo haonyeshi dharau kwa fundi.

Kutoka Kisekka, mwendo mfupi kuelekea kusini, kando ya barabara ya Entebbe, ndiyo Katwe. Ulimwengu ulilisikia jina hilo mwaka 2016 kwa sababu ya filamu ya Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair, juu ya maisha ya binti Phiona Mutesi na mchezo wa sataranji. Waganda walilijua zamani kwa sababu ya chuma. Katwe hufuliwa milango, majiko ya makaa, masufuria na mashine za kusaga. Na neno "limetengenezwa Katwe" hutamkwa pengine kwa kejeli, pengine kwa fahari, kwa kadiri kitu chenyewe kilivyodumu. Nati ambayo Kisekka imeshindwa nayo kwa spana, hupelekwa kwa watu hawa wa moto na nyundo.

Fundi mzuri haanzi na moto. Kwanza huliacha gari chini, magurudumu yote yakiwa ardhini, breki ya mkono imevutwa na jiwe limewekwa, kwa sababu gari lililoinuliwa kwa jeki halifai kupigwa nyundo. Kisha huzikaza zile nati nzuri za gurudumu hilo. Mtazamaji hushangaa: amekuja kufunguliwa, naye anafungiwa! Lakini iko sababu. Nati za jirani zikibana vizuri, huchukua mzigo wa gurudumu, na ile mbovu hupunguziwa nguvu inayoishika. Baada ya hapo husugua kwa brashi ya waya, humimina mafuta mepesi ya kupenyeza kutu, na kuacha. Kuacha ndiko kazi yenyewe. Mafuta yanahitaji muda wa kuingia katika hesi, na mwenye haraka huyapa dakika 2 akaanza kulaumu mafuta.

Wakati huo fundi huitazama nati kwa makini. Nyingine zimevikwa pete ya nje inayozunguka bure, ili mwizi akishika azungushe pete tu, nati yenyewe isitikisike. Pete hiyo lazima ipasuliwe kwanza kwa tindo jembamba. Nati ikiwa uchi, huchagua katika bati lake soketi, yaani spana ya kikombe, kuukuu, yenye meno 12, ndogo kidogo kuliko nati yenyewe, na huipigilia juu yake kwa nyundo nzito mpaka meno yaingie katika chuma. Soketi mpya ya thamani haitumiwi, kwa maana haitarudi kama ilivyokuwa. Kisha mkono mrefu huchomekwa, na fundi huuvuta taratibu, bila kishindo, kuelekea kushoto. Mara husikika mlio mkavu, kama kuni inayovunjika. Ndio mlio ambao watu wa karibu hugeuka kuutazama. Nati hutoka ikiwa imeganda ndani ya soketi, na hutolewa kwa kuisukuma na fimbo ya chuma upande wa pili.

Wapo wenye kifaa kilichotengenezwa makusudi: soketi ambayo ndani ina meno yaliyosokotwa kushoto, ambayo kadiri inavyozungushwa ndivyo inavyozidi kuuma. Kifaa hicho kimeokoa rimu nyingi, na makanika mwenye seti kamili hulipwa kwa furaha. Pasipo nacho, tindo hutumika, lakini kwa namna yake: makali yawekwe ukingoni mwa nati, yameelekea upande wa kufungulia, na nyundo ipige kwa pigo fupi fupi. Nati hizi zimetiwa matiko, na chuma kilichotiwa matiko hakipindi. Huvunjika vipande vidogo vinavyoruka kama risasi. Miwani ya kazini haina bei ikilinganishwa na jicho. Kwa sababu hiyo ya ugumu, keekee pia si dawa ya kwanza. Sindano zake za kawaida hulia, huwaka, na huisha makali kabla nati haijajeruhiwa.

Yakishindikana yote, huja mchomeleaji. Huweka nati kubwa ya kawaida juu ya ile mbovu, huzichomelea kwa ndani zikawa kitu kimoja, na spana hupata pembe 6 za kushika. Joto lenyewe pia hulegeza kutu. Njia hii ni ya uhodari, nayo hufaulu pale nyingine zisipofaulu. Nayo pia ndiyo ya hatari kupita zote, na hapa wananchi wengi hawajui wanachocheza nacho.

Hatari haimo katika cheche. Imo katika tairi. Rimu ikipashwa moto sana, mpira unaoigusa huanza kuharibika ndani kwa ndani na kutoa gesi zinazoweza kuwaka. Presha hupanda, na tairi huweza kulipuka kwa nguvu ya bomu, hata baada ya moto kuzimwa na watu kuanza kukaribia kwa kudhani kazi imekwisha. Kutoa upepo wote kwa kufungua kijiti kilicho ndani ya valvu hupunguza hatari hiyo, hakuiondoi. Kwa hiyo mchomeleaji mwenye adabu ya kazi hutoa upepo, huchomelea kwa mguso mfupi, hupumzisha chuma, na hawaruhusu watoto na watazamaji kusimama mbele ya ubavu wa tairi. Gesi ya kukatia chuma haifai kuletwa kabisa penye gurudumu lenye tairi. Waya za betri pia hutolewa, na kibanio cha mashine hushikishwa karibu na nati yenyewe, umeme usije ukapita katika beringi au kuunguza vyombo vya elektroniki vya gari. Walio katika vikosi vya usafirishaji na wazingatie: tairi la lori ni kubwa zaidi, na mlipuko wake ni mkubwa zaidi.

Liko swali jingine, nalo linawahusu askari polisi zaidi ya wengine. Mkono unaoweza kufungua kufuli ya mwenye mali waweza kufungua ya mwingine. Katika kila mji wenye soko la vipuri vikuukuu husemwa mzaha ule ule, wa mtu aliyeibiwa kioo cha gari usiku akakinunua tena asubuhi. Mzaha si ushahidi, na ni dhuluma kuwapaka matope mamia ya watu wanaolisha watoto wao kwa jasho. Lakini makanika mwenye busara huuliza kadi ya gari kabla ya kupigilia soketi, hasa mtu akija na magurudumu bila gari. Mteja mwema hakasiriki akiulizwa. Kufuli ya nati, kwa kweli, humchelewesha mwizi tu, na kazi ya dakika chache zinazoongezeka ni kumtia hofu ya kuonekana. Kwa gari lenye rimu za chuma cha kawaida na vifuniko vya plastiki, ambalo ndilo gari la familia nyingi, hakuna mwizi wa kucheleweshwa. Hapo yafaa nati zote 4 za kufuli zitolewe siku moja, zingali nzima, na kuwekwa za kawaida.

Lakini "za kawaida" si neno moja. Bolti za magurudumu ya Toyota ndogo nyingi zina unene wa milimita 12 na hesi ya hatua ya milimita 1.5, za Nissan na Subaru zina unene ule ule, lakini hatua ni 1.25. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Nati ya moja ikilazimishwa katika nyingine huingia mizunguko miwili mitatu, hukaza, na mtu huridhika, kumbe hesi imekwisha kusagika. Hali kadhalika kitako cha nati: kingine kina umbo la pia, kingine cha mpira, kingine ni bapa na kina washa. Kitako kisichokubaliana na tundu la rimu hugusa mahali padogo tu, na gurudumu hulegea njiani. Nati sahihi huingia kwa vidole hadi karibu na mwisho, ndipo spana ianze.

Madereva wa malori wanalo lao. Katika malori mengi ya zamani, ya Kiingereza na ya Kijapani, nati za upande wa kushoto wa gari hufunguka kwa kuzungushwa kulia, na mwisho wa bolti huandikwa herufi L. Kuruti asiyelijua hilo hupanda juu ya spana, huruka kwa miguu miwili, na hukata bolti akidhani anashinda kutu.

Kukaza nako kuna kipimo. Toyota ndogo hutaka takriban niutoni-mita 100, sawa na mtu kusukuma kwa uzito wa kilo 20 katika mwisho wa mkono wa nusu mita. Si nguvu ya kusimama juu ya spana. Nati hukazwa kwa kuvuka, moja na ile iliyo mkabala nayo, si kwa kuzunguka mfululizo. Na baada ya kilomita kati ya 50 na 100 hukazwa tena, kwa kuwa gurudumu lililofungwa upya hujikalia.

Kwa msafiri wa Masaka umbali huo humfikisha Kayabwe, kilomita zipatazo 75 kutoka Kampala, penye duara za saruji nyeupe zinazoonyesha mstari wa Ikweta. Wageni husimama hapo kupigwa picha, na vijana wenye beseni huwaonyesha maji yakizunguka huku upande mmoja wa mstari na kule upande mwingine. Ni mchezo wa mkono zaidi kuliko wa dunia. Nati za gari dogo hufunguka kuelekea kushoto pande zote mbili. Familia inaponunua soda na watoto wanaporuka mstari, dereva hupata nafasi ya kutosha kutoa spana butini, kuzunguka magurudumu 4, na kujaribu nati moja moja.